Shirika lililonisomesha linaniomba niliongoze. Je, nafaa?

SWALI: Nina miaka 34. Natoka katika jamii ya wachache ambayo kwa muda mrefu watoto wake wengi waliishia shule ya msingi. Mimi nilisomeshwa na shirika moja lisilo la kiserikali tangu sekondari hadi chuo kikuu, na sasa ni mwaka wa sita nafanya kazi humo humo, nikisimamia ufadhili wa masomo na kuwatafutia vijana nafasi za mafunzo kazini. Mwanzilishi wetu, mama ambaye si wa jamii yetu lakini ametupenda kwa dhati, anastaafu baada ya miaka 18. Bodi imeniomba niwe kaimu mkurugenzi kwa mwaka mmoja, "halafu tutaona". Yeye mwanzilishi atakuwa mwenyekiti wa bodi. Wafadhili wakubwa ni wawili, na mmoja mkataba wake unaisha mwakani. Sina shahada ya uongozi. Kuna mtu mwingine kutoka nje anayeizungumzia bodi lugha ya kampuni, na baadhi yao wanamtaka. Ndugu zangu wameshaanza kupiga simu kuuliza watoto wao wataingia lini kwenye orodha. Nikikataa nitaonekana sina shukrani. Nikikubali naogopa litanifia mikononi, watu waseme: mnaona, wenyewe hawawezi. Nimepewa wiki tatu. Je, nafaa kuongoza?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umeuliza kama unafaa. Lakini katika barua nzima, linalohusu kufaa kwako ni moja tu, lile la shahada. Mengine yote yanahusu vitu ambavyo havimo ndani yako: urefu wa ukaimu, kiti atakachokalia mwanzilishi, mkataba wa mfadhili, simu za ndugu. Nimefanya kazi na bodi za mashirika ya aina hii kwa miaka mingi, hasa wakati wa kubadilishana uongozi, na nimeona mara nyingi mtu mwenye uwezo akijichunguza usiku kucha wakati kasoro iko kwenye barua ya uteuzi. Kwa hiyo swali lako nitalijibu, ila nitaligeuza kidogo: unakabidhiwa nini hasa?

Kwanza tuliondoe hili la shukrani, maana ndilo linalokuzuia kuyaona mengine. Ada uliyolipiwa haikuwa mkopo. Waliotoa fedha zile walizitoa ili usome. Ukasoma, ukamaliza, na hesabu hiyo ilifungwa siku ulipovaa joho. Mtu anayekubali ukurugenzi ili alipe fadhila huanza na kasoro ninayoijua vizuri: hawezi kujadili mshahara, hawezi kudai kuona vitabu vya hesabu, na hawezi kumwambia mwanzilishi "hapana" mbele ya wajumbe. Hayo matatu ndiyo atakayoyahitaji katika miezi ya mwanzo. Mpende huyo mama, mheshimu, mpelekee zawadi siku ya kumuaga. Lakini jibu la kazi liandike kama mtu anayeajiriwa, kwa sababu ndicho kinachotokea.

Sasa shahada. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bodi yako ina bahati kwamba wewe umekilalia. Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wajumbe wanaodhani uongozi huanzia kwenye vyeti. Januari 1957, katika kisiwa cha Johns huko South Carolina, Marekani, lilifunguliwa darasa la jioni la watu wazima weusi waliotaka kujua kusoma. Jimbo lilidai mtu athibitishe kuwa anajua kusoma kabla hajaandikishwa kupiga kura, na ndivyo walivyokuwa wakifungiwa nje. Walioliandaa, Septima Clark na Esau Jenkins, hawakumtafuta mwalimu mwenye cheti, ingawa Clark mwenyewe alikuwa amefundisha shuleni miongo kadhaa. Walimchukua Bernice Robinson, msusi na mshonaji ambaye hakuwahi kufundisha popote. Alikuja na vitabu vya watoto, akaona mara moja kwamba vinawavunjia heshima watu wazima, akaviweka kando na kuwauliza wanafunzi wanataka kujifunza nini. Wakamwambia: kuandika majina yetu, kujaza fomu, kusoma barua za watoto wetu waliohama. Akaanzia hapo. Madarasa ya namna hiyo yakaenea majimbo mengi ya kusini.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba uzoefu wa maisha unatosha. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Robinson alikuwa na sifa ya pili isiyotajwa sana: riziki yake ilitoka kwa wateja weusi wa saluni yake, kwa hiyo hakukuwa na ofisi ya wazungu ambayo ingeweza kumfukuza kazi. Clark alijua uzito wa jambo hilo, kwa sababu mwaka 1956 alifukuzwa ualimu alipokataa kujitoa katika chama cha kutetea haki cha NAACP. Uhuru wa mtu anayesimama mbele nao ni sifa ya uongozi. Ndiyo maana nitarudi kwenye mshahara wako na mkataba wako muda si mrefu. Usidhani ni tamaa.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kukilalia kitanda kuna mipaka yake. Wewe unaijua njia ya aliyefika. Wale mliofungua nao daftari mwaka mmoja wakaacha shule, njia yao huijui, hata kama ni binamu zako. Huko Marekani, watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walichunguza vijana waliokwisha kupokelewa chuo na kusema watakwenda. Kulingana na mahali, kati ya asilimia 10 na 40 hawakuonekana darasani masomo yalipoanza. Akili walikuwa nazo, na wengi walishaahidiwa msaada wa fedha. Kilichowaangusha mara nyingi ni miezi ile michache katikati: fomu ya afya, tarehe ya kulipia bweni, barua iliyoandikwa kwa lugha ya ofisini, na nyumbani hakuna aliyewahi kuzijaza. Pengo kama hilo halionekani kwenye ripoti ya mwaka, kwa sababu aliyepotea humo hayupo kuhesabiwa. Kiongozi aliyetoka ndani ya jamii ana nafasi nzuri ya kuliona, lakini itabidi atoke nje ya kisa chake mwenyewe akawatafute walioanguka na kuwasikiliza. Kama utaongoza shirika kwa kudhani kila mtoto ni wewe wa miaka kumi na sita, utakosea, tena utakosea kwa upendo.

Kuhusu yule mgombea wa nje: elimu ya kusoma mizania (taarifa ya mali na madeni), kupanga bajeti na kusimamia watu ni ya kweli na usiidharau. Bahati nzuri hujifunzwa. Kozi ya miezi michache ya usimamizi wa fedha kwa wasio wahasibu, pamoja na mhasibu mwaminifu ofisini, itaziba sehemu kubwa ya pengo. Yeye naye itabidi ajifunze unayoyajua wewe, na hayo hayana kozi. Sisemi hivyo kumshusha. Nimewahi kuona mtu wa nje akiongoza vizuri sana kwa sababu alikubali kuwa mwanafunzi kwa miaka miwili, na nimewaona wenyeji waliovuruga mambo kwa sababu walijiona hawana la kuuliza.

Tuje sasa penye uzito. Ombi la bodi lina mambo matatu: ukaimu wa mwaka, mwanzilishi kwenye kiti cha mwenyekiti, na mfadhili ambaye mkataba wake unaisha. Kila moja peke yake linavumilika. Yakija kwa pamoja yana jina lake katika utafiti.

Mwaka 2003 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba kampuni zilizoingiza wanawake kwenye bodi zilikuwa zikifanya vibaya sokoni, likidokeza kuwa wanawake ndio chanzo. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alexander Haslam, walizirudia takwimu za kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London na kuangalia nini kilitangulia nini. Wakakuta kwamba, hasa soko lilipokuwa limeshuka, kampuni zilizomteua mwanamke zilikuwa zimeshayumba miezi kadhaa kabla ya uteuzi. Mwaka 2005 walichapisha matokeo hayo na kuiita hali hiyo ukingo wa kioo: mtu anapandishwa juu, naam, lakini juu ya mahali panapomomoka. Baadaye Alison Cook na Christy Glass waliangalia wakurugenzi wakuu wa kampuni kubwa za Marekani na kukuta mwelekeo kama huo kwa viongozi wanaotoka makundi ya wachache; na mambo yalipozidi kuharibika, aliyefuata mara nyingi alikuwa mzungu mwanamume, aliyeletwa kama mwokozi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na kampuni ya hisa si shirika la ufadhili wa masomo. Hata hivyo ukiielewa namna inavyofanya kazi, hofu yako ya "wenyewe hawawezi" inaacha kuwa wasiwasi wa moyoni. Ni jambo linalopimika, na unaweza kulipima kabla hujasaini.

Inafanyaje kazi? Madaraka katika shirika dogo hayakai kwenye cheo. Yanakaa mahali pachache mno: kwa anayetia saini benki, kwa anayepigiwa simu na mfadhili, na kwa anayeajiri na kuachisha kazi. Mwanzilishi wa miaka 18 anazishika zote tatu bila hata kujua kwamba anazishika. Siku ya kukabidhi anakupa funguo za ofisi na muhuri, kwa nia njema kabisa. Wiki ya pili mfadhili ana swali. Anampigia yeye, kwa sababu namba yake ndiyo iliyo kwenye simu. Yeye anajibu, maana jibu analijua. Wiki ya nne dereva hakupenda uamuzi wako. Anapita nyumbani kwa mama kumsalimia, na salamu zinafika hadi kwenye uamuzi. Mama anakupigia: "Mwanangu, sikuingilii, ila..." Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Baada ya mwaka bodi inakaa "kuona", na inachokiona ni kaimu asiyeweza kuamua.

Ukiongeza kwamba huyo huyo ndiye mwenyekiti, yaani ndiye atakayekutathmini, umefunga mlango wa mwisho. Kama mwenyekiti ndiye mkurugenzi wa jana, kila badiliko utakalopendekeza litasikika kama lawama kwake. Utabaki kuchagua baina ya kunyamaza na kumuumiza mtu unayempenda.

Kuna njia nyingine, tena wapo waliokwisha kuipita. Shirika la Camfed lilianzishwa mwaka 1993 na Ann Cotton, Mwingereza, baada ya kufika Mola, Zimbabwe, kuchunguza kwa nini wasichana hawakuwa shuleni. Alikuwa ameambiwa ni mila. Alichokikuta kwa wazazi kilikuwa umaskini. Wasichana wa kwanza kusaidiwa walikuwa 32. Mmoja wa waliosomeshwa mapema na mpango huo, Angeline Murimirwa, alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa shirika zima mwaka 2023. Hesabu miaka hiyo: thelathini. Katikati, mwanzilishi aliachia uongozi kwa mtu mwingine, Lucy Lake. Waliosomeshwa wakaunda umoja wao tangu 1998. Na Murimirwa alikuwa ameshaongoza kazi za shirika barani Afrika muda mrefu kabla ya kukabidhiwa lote. Sikupi mfano huu ili usubiri miaka thelathini. Nataka uone kwamba aliyesomeshwa anaweza kuongoza, na kwamba madaraka yalitangulia cheo. Wewe unapewa cheo kwanza, madaraka "tutaona".

Basi fanya hivi. Wiki hii, kabla hujasema ndiyo wala hapana, omba kwa maandishi taarifa za hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, bajeti ya mwaka huu, mikataba ya wafadhili wote wawili, na orodha ya madeni. Ukizipata, kaa na mhasibu asiye wa shirika. Tafuteni mambo manne. La kwanza, shirika lina akiba ya miezi mingapi kama hakuna fedha mpya itakayoingia? Chini ya miezi mitatu ni hatari, na ulijue hilo kabla hujaingia. La pili, kati ya fedha zilizopo benki, ngapi zina masharti ya mfadhili na ngapi ni huru? Nimeshuhudia mkurugenzi mpya akifurahia salio kubwa kumbe karibu lote ni ada za wanafunzi ambazo hazitakiwi kuguswa hata kwa kulipia umeme. La tatu, je, kodi na makato ya mishahara ya hifadhi ya jamii yamepelekwa yanakostahili? Shirika likibanwa, hapo ndipo huanza kukopa kimya kimya, na katika nchi nyingi deni hilo humfuata mkurugenzi binafsi.

La nne ni mshahara wa mwanzilishi. Usicheke. Waanzilishi wengi hujilipa kidogo sana au hawajilipi kabisa, kwa sababu wana pensheni, mwenza mwenye kipato, au nyumba iliyolipiwa. Miaka inapita, bajeti ya shirika inaonekana nyembamba na ya kupendeza, wafadhili wanasifia kwamba fedha zote zinakwenda kwa watoto. Kisha anakuja mtu kama wewe, mwenye kodi ya nyumba na wadogo wa kusomesha, na gharama halisi ya uongozi inajitokeza kwa mara ya kwanza. Inaonekana wewe ndiye uliyepandisha matumizi. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliandika jinsi mashirika yanavyojinyima: mfadhili anatarajia gharama ndogo za uendeshaji kuliko zilivyo, shirika linabana na kuripoti kidogo, mfadhili anazidi kuamini inawezekana. Sema tarakimu ya mshahara wako mapema, iingie kwenye bajeti, bodi iipitishe kabla hujaanza. Bila hivyo utakuwa Clark, ambaye riziki yake ilikuwa mikononi mwa wengine, si Robinson.

Baada ya hesabu, majadiliano. Kwa maoni yangu una njia tatu za kweli, na sitakuficha naelemea wapi. Ya kwanza ni kukubali ombi kama lilivyo. Sikushauri, isipokuwa ukikuta fedha ni imara na mwanzilishi mwenyewe akakuambia bila kusukumwa kwamba hataki uenyekiti. Ya pili ni kukataa na kubaki meneja wa mpango. Si aibu, na ni bora kuliko kuungua, ila fahamu kwamba ukiukataa mzigo huu bila kueleza sababu, bodi itaandika kichwani kwamba "alialikwa, akaogopa". Ukikataa, kataa kwa barua yenye sababu. Ya tatu, ninayoielemea, ni kukubali kwa masharti.

Masharti yenyewe ni machache na hayana ukali. Uteuzi uwe kamili, au kama ni ukaimu, basi uwe na tarehe ya mwisho na vigezo vilivyoandikwa leo vya kukuthibitisha, visivyotegemea kubaki kwa mfadhili ambaye hata mwanzilishi huenda asiweze kumbakiza. Mwanzilishi asiwe mwenyekiti. Akae nje ya bodi angalau mwaka mmoja, na kama mnahitaji ushauri wake, na mtauhitaji, awe na siku maalumu za kushauri, wewe ndiye umwite. Ndani ya miezi mitatu aende nawe ana kwa ana kwa kila mfadhili na kusema kwa kinywa chake kwamba kuanzia sasa maswali yaje kwako. Saini za benki zibadilishwe siku ya kukabidhi. Na bodi iweke wajumbe wasiopungua wawili kutoka jamii yenu, mmoja awe mzazi, ili usiwe peke yako mezani ukiulizwa kila mara "jamii inasemaje".

Utawaambiaje bila kuonekana unamfukuza mama? Nenda kwake kwanza, peke yako, kabla ya bodi. Anza na lililo kweli: "Mama, nataka hiki ulichokijenga kisimame bila wewe na bila mimi. Ukiwa mwenyekiti, kila mtu atakuangalia wewe kabla ya kunijibu mimi. Naomba unisaidie wasikuangalie." Waanzilishi wengi hawashikilii kwa tamaa, hawajui tu watakuwa nani kesho asubuhi wasipokwenda ofisini. Mpe jambo la kweli la kufanya, kama kuandika historia ya shirika au kuwalea walimu wapya. Akikasirika, mpe siku kadhaa. Akikasirika na kuanza kuwapigia wajumbe simu, umepata taarifa ambayo ungeipata baada ya miezi sita kwa gharama kubwa zaidi.

Kuhusu ndugu, hapa huna haja ya ujasiri, una haja ya utaratibu. Mkurugenzi asikae kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi, hata kidogo. Vigezo vya uchaguzi viandikwe, vibandikwe mahali wazazi wanapofika, na majina yafichwe wakati wa kusoma maombi. Kuwe na daftari la mgongano wa maslahi, na jina la kwanza kuandikwa humo liwe lako, pamoja na kila mpwa na binamu anayeomba. Mjomba akipiga simu utaweza kumjibu kwa heshima: "Mjomba, shikamoo. Fomu zinatoka mwezi fulani, na mimi siruhusiwi kuzisoma. Mwambie ajaze vizuri, nitamwelekeza mtu wa kumsaidia kujaza." Atanuna. Wanaonuna husamehe. Jihadhari zaidi na upande ambao haupigi simu: jamii ya wachache nayo ina wachache wake, ukoo mdogo, wenye lafudhi inayochekwa, watoto wenye ulemavu, wasichana waliozaa wakiwa shuleni. Hao hawana mjomba wa kukupigia. Pitia orodha ya miaka mitano iliyopita uone nani hajawahi kuwemo.

Jambo moja hukuuliza, ila lazima litakujia. Ukishakuwa mkurugenzi, kila mkutano wa wafadhili watataka usimulie ulivyokwenda shule peku. Una haki ya kutosimulia. Simulia pale unapotaka wewe, kwa kiasi unachotaka, na utakapomaliza uulizwe pia kuhusu bajeti, kama ambavyo angeulizwa mkurugenzi mwingine yeyote. Na mfadhili akitaka picha za watoto na machozi yao, kumbuka ulikuwa upande ule wa kamera. Badala yake mwonyeshe wazazi wametoa nini: nguvu kazi, ardhi, malazi kwa watoto wa mbali, michango midogo midogo. Mapema karne iliyopita Julius Rosenwald alipochangia ujenzi wa karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, sharti lake lilikuwa wenyeji nao watoe. Ulipofika mwaka 1932, michango ya watu weusi wenyewe, maskini wengi wao, ilikuwa imezidi kidogo ile ya mfuko wake. Jamii zinazoitwa wanufaika mara nyingi zimeshalipa, ila hakuna aliyeandika risiti.

Sasa, yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyabeba. Kama taarifa za hesabu zitaonyesha kodi zisizolipwa, mkopo usioeleweka, au fedha za mfadhili zilizotumika kinyume cha mkataba, usisaini kitu kabla hujakaa na mwanasheria wako mwenyewe, asiyelipwa na shirika. Sheria za mashirika na wajibu wa wakurugenzi hutofautiana nchi na nchi, na mimi siwezi kukuambia yakupasayo huko uliko. Mkataba wa ajira nao usomwe na mtu wa sheria za kazi, hata kwa ada ya saa moja. Tafuta pia kiongozi mmoja wa shirika jingine, awe amepokea kijiti kutoka kwa mwanzilishi, ukae naye uso kwa uso. Atakuambia mambo ambayo hakuna mtu huyaandika. Na kama usingizi umekupotea, moyo unaenda mbio ukisikia simu ikilia, au unajikuta unalia bila kujua unalilia nini, muone mshauri nasaha au daktari sasa hivi, usisubiri uamuzi upite. Kubeba jina la jamii nzima ni mzigo unaougusa mwili.

Wiki ya kwanza itumie kwa hesabu, ya pili kwa mama na mwenyekiti wa sasa, ya tatu kuandika jibu lako. Kama hesabu hazijafika kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, omba muda uongezwe kwa idadi ile ile ya siku walizochelewa. Wakikujibu kwamba hesabu utaziona ukishaanza kazi, niandikie tena kabla hujawajibu.